Laptopu ya kiofisi au ya gemu? Jibu kwa mwanafunzi wa usanifu majengo

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nasoma usanifu majengo mwaka wa tatu, Dar es Salaam. Naishi Kimara na siku nne kwa wiki naenda chuo kwa mwendokasi na daladala. Natumia AutoCAD, SketchUp na Revit, na muhula huu tumeanza Lumion. Nina shilingi milioni 2.3. Kariakoo nimeonyeshwa laptopu mbili, zote mtumba. Moja ni HP EliteBook 840 G8, prosesa i5-1135G7, RAM GB 16, kwa milioni 1.25. Nyingine ni ya gemu, Lenovo Legion 5, prosesa Ryzen 5 5600H, kadi ya grafiki RTX 3060, RAM GB 8, kwa milioni 2.2. Kaka yangu anasema laptopu za gemu ni nzito, zinakula umeme na hazidumu. Nichukue ipi?"

Marahaba. Chukua Legion, ila uipime kwanza kama nitakavyoeleza hapa chini. Ikishindwa kipimo kimoja kati ya vile vizito, iache dukani. Kaka yako naye usimpuuze, maana katika hayo matatu aliyoyataja hakuna la uongo mtupu.

Nimeegemea Legion kwa sababu moja: kadi ya grafiki huwezi kuiongeza baadaye. RAM (kumbukumbu ya kazi) unaongeza, SSD (hifadhi ya mafaili) unabadilisha, betri ikichoka unanunua nyingine. Kadi ya grafiki ya laptopu imechomelewa kwenye madabodi, na siku ukiihitaji utalazimika kununua laptopu nyingine. Wewe tayari unaihitaji, kwa sababu umeshaanza Lumion, programu ya kurenda, yaani kugeuza modeli ya jengo kuwa picha na video zinazofanana na halisi.

Tuangalie kila programu inaegemea wapi. AutoCAD ya michoro bapa na SketchUp ya nyumba ya kawaida zitakwenda vizuri kwenye EliteBook. Revit watu wengi huidhania vibaya: kazi zake nyingi hufanywa na kiini kimoja cha prosesa kwa wakati, na prosesa zote mbili ulizoonyeshwa hufika GHz 4.2 kwenye kiini kimoja. Kwa hiyo ukiwa unachora kuta na kupanga madirisha, tofauti utakayoiona ni ndogo kuliko tofauti ya bei. Kinachoiua Revit ni RAM. Kwa GB 8, ukifungua modeli, kivinjari chenye kurasa kumi na PDF ya mwalimu, mashine inaanza kuhamishia kazi kwenye SSD na kila unapobofya unasubiri. GB 16 ndiyo mahali pa kuanzia, na hapo EliteBook inaizidi Legion ya GB 8.

Lumion ni habari nyingine. Yenyewe huegemea karibu kila kitu kwenye kadi ya grafiki na kumbukumbu ya kadi hiyo. Iris Xe, grafiki iliyo ndani ya prosesa ya EliteBook, haina kumbukumbu yake, inaazima RAM ya mashine. RTX 3060 ya laptopu ina GB 6 zake peke yake. GB 6 zinakutosha kwa jengo moja, uwanja wake na bustani ya kiasi. Ukipanda miti mia tatu yenye majani ya kina na kubandika picha za mawe za 4K kila ukuta, zitajaa, na programu itajifunga bila kuaga. Dawa yake ni kushusha picha hizo hadi 2K na kuweka miti mizito mbele ya kamera tu.

Muuzaji anaweza kukuambia kwamba EliteBook 840 G8 ina tundu la Thunderbolt 4, hivyo utaweza kuiunganisha na kadi ya grafiki ya nje. Ni kweli inawezekana. Lakini utanunua boksi la kadi, pawa saplai yake na kadi yenyewe ya kompyuta ya mezani, na vyote hivyo vitabaki Kimara wakati wewe uko studio unaonyesha kazi. Kwa tofauti ya laki tisa na nusu, hesabu hiyo haikufai.

Kama kozi yako ingekuwa ya ukadiriaji majenzi, uhasibu, sheria, au hata programu za kawaida za wavuti, ningekwambia chukua EliteBook bila kufikiri mara mbili, na hela inayobaki ununue skrini ya nje ya inchi 24.

Sasa tuyarudie maneno ya kaka yako.

Uzito. EliteBook 840 G8 huanzia kilo 1.32. Legion 5 ya aina hiyo huanzia kilo 2.4, na chaja yake ya wati 230 ni tofali la karibu kilo nzima. Ukijumlisha utabeba zaidi ya kilo tatu, badala ya kilo moja na nusu na kidogo. Kwenye mwendokasi la asubuhi umesimama hadi mwisho wa safari, tofauti hiyo bega linaijua. Ila kuna njia: Legion 5 nyingi za toleo hilo zina tundu la USB-C nyuma linalopokea chaji. Chaja kubwa iache nyumbani unakorenda, na chuoni nenda na chaja ndogo ya USB-C ya wati 100 na kebo yake ya ampea 5, ambazo kwa pamoja ni gramu mia tatu na kitu. Kwa wati 100 utachora Revit na betri itajaa, lakini usitegemee kurenda kwa kasi. Usichukue neno la muuzaji kuhusu tundu hilo. EliteBook iliyo pale dukani inatumia chaja ya USB-C ya wati 65: iombe, ichomeke nyuma ya Legion, utazame alama ya betri. Inaweza kukuonya kwamba chaja ni ndogo, na onyo hilo halina shida. Isipoonyesha kabisa kwamba imechomekwa, jua tofali utalibeba kila siku.

Umeme. Wati 230 zilizoandikwa kwenye chaja ni kikomo chake, hazitumiki muda wote. Ukichora Revit huku kadi kubwa imelala, mashine nzima hutumia kama wati 25 hadi 40. Ukirenda, itapanda karibu na wati 180 au 200. Saa tatu za kurenda kwa wati 200 ni uniti 0.6 za LUKU, kwa hiyo bili si ya kukutisha.

Tatizo huja umeme ukikatika. Betri ya EliteBook hii ni wati-saa 53, na kwa kuandika na kuchora kidogo inatumia wati 8 hivi, kwa hiyo ikiwa nzima inakupa saa sita na zaidi. Legion 5 ilitoka na betri za aina mbili, wati-saa 60 au 80. Kwa matumizi ya wati 20, ya 60 ni saa tatu. Na mtumba haina uwezo wake wote: ikiwa imebaki asilimia 75, saa tatu zinakuwa mbili na robo. Kama darasa lako halina soketi za kutosha, hilo ndilo litakalokuudhi zaidi kwenye laptopu ya gemu, kuliko hata uzito.

Nyumbani kwenye inveta, fanya hesabu hivi. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ni wati-saa 1,200. Ukitaka idumu, usiitumie chini ya nusu, kwa hiyo una 600; inveta yenyewe inakula sehemu yake, zinabaki kama 500. EliteBook inayovuta wati 65 mfululizo itakwenda zaidi ya saa saba. Legion inayorenda kwa wati 200 itakwenda saa mbili na nusu, kisha taa na feni za nyumba nzima zizimike pamoja nayo. Inveta za bei rahisi zisizotoa wimbi safi pia hufanya chaja kubwa ivume na kupata moto. Renda wakati umeme wa kawaida upo.

Kurenda kwa betri ya laptopu pia usijaribu. Betri ya wati-saa 60 haiwezi kutoa wati 200, kwa hiyo mashine inakata nguvu ya kadi na kazi ya nusu saa inakuwa ya saa mbili, kama betri itafika huko. Ukitengeneza video ya Lumion, itoe kama mfululizo wa picha, usiitoe kama faili moja la MP4. Umeme ukikatika kwenye picha ya 412, unaendelea kutoka 413. Faili la MP4 lililokatika katikati ni la kutupa.

Kudumu. Hapa kaka yako ana ukweli nusu. Laptopu za kiofisi kama EliteBook, Latitude na ThinkPad hununuliwa na makampuni kwa mamia, hutumika miaka michache ofisini penye kiyoyozi, kisha huuzwa kwa jumla. Ndiyo maana vipuri vyake vimejaa na kila fundi anazijua kwa kufumba macho. Laptopu ya gemu ilikuwa ya mtu mmoja, na hujui aliifanyia nini. Wengine walizichimbia sarafu za kidijitali mwaka 2021 usiku na mchana. Lakini inayoiua si jina la gemu. Inauawa na joto, na joto linaletwa na vumbi lililoziba mapezi ya shaba, pasta ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa, na tabia ya kuiweka juu ya godoro. Hayo matatu yanarekebishika.

Sasa vipimo. Nenda asubuhi, duka likiwa halijajaa, na uwe na flashi yenye FurMark (programu ya kuitesa kadi ya grafiki) na CrystalDiskInfo (ya kukagua SSD) pamoja na intaneti ya simu.

Anza na namba ya utambulisho ya mashine (serial number), iliyo kwenye kibandiko cha chini. Iingize kwenye tovuti ya msaada ya Lenovo. Itakuonyesha mashine ilitoka kiwandani na skrini gani, betri gani na chaja gani. Dakika mbili tu, na utakuwa unajua kuliko muuzaji.

Skrini ina uzito wa pekee kwako. Legion 5 za toleo hilo zilikuja na skrini za aina tofauti: nzuri ni ya niti 300 (kipimo cha mwanga) inayofikia asilimia 100 ya sRGB, nyingine ni ya niti 250 na asilimia 45 ya NTSC (sRGB na NTSC ni vipimo vya wingi wa rangi). Hiyo ya pili ni ya rangi zilizopauka. Utapaka ukuta rangi ya udongo, mwalimu akiuona kwenye projekta au karatasi anakuta chungwa. Ukikuta hiyo, ni sababu halali ya kushusha bei, ila si ya kuiacha, kwa kuwa unaweza kukagua rangi kwenye skrini ya nje.

Kisha nguvu ya kadi. Jina RTX 3060 peke yake halitoshi, kwa sababu watengenezaji huiwekea kikomo cha wati wanachotaka, na ya wati 80 inaachwa mbali na ya wati 130. Fungua NVIDIA Control Panel, bofya System Information, tafuta mstari wa Maximum Graphics Power. Legion 5 hii inapaswa kusoma wati 130.

Betri: fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili itakayotengenezwa. Linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity. Ya pili ikiwa chini ya asilimia 60 ya ya kwanza, ingiza gharama ya betri mpya kwenye bei. Na pitisha kidole kati ya tochpadi na fremu: tochpadi iliyoinuka au isiyobonyea ni dalili kwamba betri imevimba. Hiyo usiibebe hata kwa punguzo.

Chaja igeuze usome. Ya kweli ya wati 230 ya Lenovo imeandikwa volti 20, ampea 11.5. Wajanja huifunga Legion na chaja ya pini ileile yenye ampea 6.75, ambayo ni wati 135. Mashine itawaka na kuchaji vizuri pale dukani. Siku ya kurenda, itajizuia au betri itashuka ingawa umechomeka. Waya wa ukutani nao uwe wa pini tatu za hapa kwetu. Kwa mzigo huu fyuzi ya ampea 5 inatosha sana.

Kipimo kizito kuliko vyote ni joto. Ikiwa kwenye chaja, bonyeza Fn na Q mpaka taa ya kitufe cha kuwashia iwe nyekundu, ambayo ni hali ya nguvu zote. Washa FurMark, iache dakika 15, na usikubali kuharakishwa. Kadi ikitulia chini ya nyuzi 87, sawa. Ikipanda hadi kikomo na kasi ikaporomoka, kuna vumbi au pasta imekufa. Fundi anaweza kuirekebisha, lakini iwe kabla hujalipa. Ikitoa mistari na vidoti vya rangi kwenye skrini, au ikazima, ondoka, hata wakisema ni draiva. Sikiliza feni zote mbili. Feni inayokwaruza leo itasimama baada ya miezi kadhaa.

Mwisho CrystalDiskInfo kwa afya ya SSD, kila tundu la USB, kila kitufe cha kibodi, na bawaba: fungua skrini kwa kushika kona moja tu. Kikisikika kitu kinakatika, au fremu ikaachana, plastiki inayoshika bawaba imeshapasuka.

Legion ikishindwa ukarudi kwa EliteBook, kuna vipimo vyake. Kwanza, Windows ianzishwe upya mbele yako na iunganishwe na intaneti wakati wa kuianzisha. Baadhi ya mashine zilizotoka makampuni bado zimesajiliwa huko, na zikifika kwenye intaneti zinadai barua pepe ya kampuni usiyoijua. Bila intaneti utaletewa ikiwa safi kabisa, na shida utaikuta nyumbani. Pili, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) kwa kubonyeza F10 inapowaka, uone kama haina nywila. Tatu, epuka skrini yenye kichujio cha faragha cha Sure View: ukiitazama kwa pembeni inakuwa giza, nayo studio ni mahali pa watu watatu kuinamia skrini moja. Nne, tazama jina la kadi. Ikiandika UHD badala ya Iris Xe, RAM imewekwa kijiti kimoja. Kwa G8 hii yenye nafasi mbili, vijiti viwili vya GB 8 ni bora kuliko kimoja cha 16.

Kuna njia ya tatu, kama bega kweli halitaki: EliteBook ya kubeba, na kwa milioni inayobaki kompyuta ya mezani ya mtumba, mnara mkubwa wenye kadi ya angalau GB 6, ikae nyumbani kurenda. Tahadhari na vile viboksi vyembamba vya ofisini. Pawa saplai zake ni ndogo na hazina waya wa kulishia kadi. Vingi vinapokea kadi fupi za wati 75 tu. Njia hii ni nzuri ukiwa na meza yako na chumba kinachofungwa. Kwa chumba cha kupanga na kuhamahama, siipendi.

Ukishaichukua Legion, laki moja inayobaki ielekeze kwenye RAM: kijiti cha DDR4 cha 3200, GB 8, kwenye nafasi ya pili. Mashine ina nafasi mbili, kwa hiyo kilichopo hakitolewi. Ongeza kabla ya kitu kingine chochote, kwani Revit na Lumion kwa GB 8 ni mateso, na pia prosesa hufanya kazi vizuri zaidi RAM ikiwa pacha.

Kwenye Lenovo Vantage, programu ya mipangilio ya Lenovo, washa Hybrid Mode ili kadi kubwa ilale usipoihitaji, na Conservation Mode siku ambazo laptopu iko mezani imechomekwa, ili betri isikae imejaa kwenye joto. Unapotumia betri, shusha skrini hadi hezi 60 na bonyeza Fn na Q mpaka taa iwe ya bluu. Ukiona betri inakwisha haraka bado, kuna programu inayoiamsha kadi kubwa. Mara nyingi ni Revit au Lumion uliyoiacha nyuma ya madirisha mengine. Kabla ya kuitia kwenye begi, izime au ilaze kwa Hibernate, si Sleep. Sleep inaweza kuamka ndani ya begi lililofungwa, na ukifika Kimara utakuta imekuwa pasi.

Iinue nyuma sentimeta mbili ikiwa inarenda. Vitabu viwili vya unene sawa kwenye kona vinatosha. Kwa vumbi la Dar, feni zisafishwe kila miezi sita, na pasta ibadilishwe mara moja sasa hivi, kwa kuwa hujui ya zamani ina umri gani. Fundi azishike feni zisizunguke anapopuliza kwa kompresa, la sivyo zinazunguka kupita kiasi na kuharibu beringi.

Risiti ya EFD iandikwe namba ya utambulisho ya mashine, si "laptop 1" tu, na makubaliano ya siku za kujaribu yaandikwe juu ya risiti hiyohiyo. Omba wiki mbili. Wiki ya kwanza ifanyie kazi ngumu kuliko utakayoifanya muhula mzima: renda kila usiku, tazama joto, ihesabu betri. Kasoro ya mtumba hujitokeza mapema ukiitafuta, na ni bora ijitokeze wakati risiti bado ina nguvu.